Abiria wa Mwisho wa Wasike

Saa moja na robo asubuhi, na jua la Kakuma tayari limeshika kazi. Nyuma ya kichinjio, kando ya mto Tarach usio na maji, mtu mrefu aliyevaa dera la zambarau lenye maua anajikokota kuelekea kibanda cha waya. Mkono mmoja umebeba mtungi wa lita tano, wa pili unakaza mtandio usipeperushwe na upepo. Chini ya mtandio kuna ndevu nyeupe.

Wanawake wanaosafisha matumbo wanaacha kazi. "Bibi harusi amefika!" mmoja anapaza sauti, na kicheko kinaenea hadi kwa wauza makaa.

Mtu wa dera hacheki. Macho yake yako juu ya mnara wa tangi la maji lililochakaa, ambako ametua ndege mmoja mweusi mwenye shingo ya kijivu. Anapiga hatua ya tatu, ya nne. Ndege anainamisha kichwa, anamtazama, anatoa mlio mmoja mkavu na kuruka ng'ambo ya mto.

"Amenijua," anasema Cornelius Wasike, akivuta mtandio kwa hasira. "Nguo nimebadilisha. Sasa mguu nitabadilisha na nini?"

Mwandishi huyu anakiri kwamba alikuja Kakuma kucheka. Nilikuwa nimesikia Lodwar kuhusu mzee wa Kibukusu anayevaa nguo za mkewe ili awadanganye kunguru, na nikaona hiyo ni habari ya kufungia wiki. Nilikaa siku tatu. Kicheko kiliisha siku ya kwanza kabla ya chakula cha mchana.

Wasike, mwenye umri wa miaka 58, ni bawabu wa yadi ya malori mjini Lodwar. Mshahara wake ni shilingi elfu tisa kwa mwezi. Hapa Kakuma hakuna anayemlipa hata senti. Yuko likizo aliyoilimbikiza kwa miaka kadhaa, na ameamua kuitumia kumsaka ndege mmoja.

Ndege mwenyewe ni kunguru wa Bara Hindi. Wasomaji wa pwani hawahitaji kujulishwa kwake: ndiye yule anayenyakua mandazi mkononi mwa mtoto na kuvamia vifaranga mchana kweupe. Aliletwa Zanzibar zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akavuka hadi Mombasa, na tangu hapo ndege wadogo wa mijini wamekuwa wakilipa gharama ya ugeni wake. Anakula mayai yao, anakula makinda yao, kisha anautwaa mti wao.

Turkana ina kunguru wake wa tangu zamani. Yuko mweusi tititi mwenye mkia mfupi anayezunguka juu ya vilima, na yuko yule mwenye kifua cheupe. Hao Wasike hana ugomvi nao. Wakinaswa katika kibanda chake huwatoa, huwapa maji na kuwaacha waende.

Muuza nyama Aukot, ambaye banda lake limepakana na kichinjio, anaeleza tofauti kwa namna yake.

"Ile yetu ya zamani inakaa juu ya ngamia inatoa kupe. Ngamia inafurahi," anasema. "Hii mpya inakuja kwa mbuzi iko na kidonda, inachimba hiyo kidonda mpaka mbuzi inalia. Hiyo ni ndege ama ni adui?"

Kisha Aukot ananyoosha kisu kuelekea mgunga mmoja mkubwa kingoni mwa mto. Matawi yake yamejaa viota vya kwera, wale ndege wa manjano wanaosuka nyasi kama vikapu. Nilihesabu viota arubaini na vitatu kabla sijapoteza hesabu. Ndani yake kulikuwa na vurugu ya makinda yaliyoanguliwa wiki hiyo.

"Mwaka jana hapa hakuna mtoto hata moja iliruka," Aukot anasema. "Kunguru mbili tu zilimaliza yote. Zilipasua nyumba kutoka juu, moja baada ya ingine. Asubuhi tulikuwa tunakanyaga mabawa."

Wawili hao ndio waliosalia kati ya kundi lililokuwa Lodwar. Jike alinaswa mwezi Machi. Amebaki dume, na makinda ya kwera yanahitaji siku kumi tu kabla ya kuruka. Kwa ndege anayeweza kupasua viota vitano kabla ya mtu kumaliza kikombe cha chai, siku kumi ni nyingi mno.

Kwa nini basi ni Wasike, na si mtu mwingine?

Nilimuuliza swali hilo tukiwa tumekaa katika kibanda cha Achai, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayeuza chai na chapati mkabala na kichinjio. Wasike alikuwa amevua dera na kulikunja vizuri kwenye mapaja, maana mkewe, Sally, amemwonya kwamba likipata tundu asirudi nyumbani. Alikata kipande cha chapati.

"Kwa sababu ni mimi nilimleta," akasema.

Kwa miaka kumi na tisa Wasike alikuwa utingo. Alisafiri juu ya malori ya chakula kutoka Mombasa hadi Lokichoggio, akilala juu ya turubai na kuamkia juu ya turubai. Dereva huwa na kabini yake na redio yake. Utingo huwa na upepo na magunia.

Mwaka wa 2017, lori lao likiwa limekwama Mariakani kwa siku mbili, gunia moja la mahindi lilipasuka. Kunguru watatu wakaja kuokota. Lori lilipoanza kuondoka jioni, Wasike aliwaona wakijisokomeza kwenye mkunjo wa turubai, mahali palipokuwa na kivuli na mahindi.

"Ningewafukuza kwa kofia tu. Kupiga kofia moja, basi," anasema. "Lakini mimi huko juu nilikuwa peke yangu. Nikasema, wacha, hawa ni kampani."

Safari ilichukua siku tano. Walipofika mji wa Salama aliwapa ugali, na Nakuru akawapa maganda ya mayai. Mmoja wao, ambaye hakuwa na kidole kimoja cha mguu wa kulia, alianza kuja karibu. Wasike alikuwa na desturi ya kupiga mluzi mfupi wa sauti mbili akimegua chapati, na kufikia Kitale ndege yule alikuwa akiruka hadi gotini mwake akiusikia. Alimpa jina: Abiria.

"Kitale nilidhani watashuka, kwa sababu kuna miti na kuna mvua. Hawakushuka. Kainuk hawakushuka. Walishuka Lodwar, karibu na soko. Na mimi, unajua nilifanya nini? Nilimpungia mkono!"

Anapiga paja lake. Hakuna aliyecheka kibandani.

Mwaka uliofuata alianguka kutoka juu ya shehena pale Kainuk, nyonga ikavunjika, na utingo ukaishia hapo. Alipata kazi ya ubawabu Lodwar. Akiwa langoni mwa yadi alianza kuwaona: sita, kisha kumi na moja, kisha wengi kiasi cha kumkosesha amani. Vivyo hivyo alianza kuona yaliyokuwa yakitoweka. Kwezi waliokuwa wakikusanya makombo mlangoni pa yadi, wale wa buluu wenye tumbo la rangi ya chungwa, walipungua hadi wakabaki wawili. Kisha hata hao wawili akawakosa.

Huenda kunguru wangefika Lodwar kwa njia yoyote. Malori ni mengi, na watingo wapweke hawajaisha. Nilimwambia hivyo ili kumpa moyo.

"Pengine," alijibu. "Lakini wale wengine siwajui. Huyu namjua."

Majuto ni mjukuu, na wajukuu wa Wasike walikuwa na mbawa. Mradi mmoja wa mazingira ulipotafuta mtu wa kutunza mitego mjini Lodwar, alijitokeza wa kwanza. Mradi ulidumu mwaka mmoja na nusu, fedha zikaisha, wenye magari wakaondoka. Wasike alibaki na kibanda kimoja cha waya na akaendelea bila malipo. Kwa miaka mitatu alinasa kunguru sabini na watatu.

Kazi hiyo si ya mtu mvivu. Kibanda ni kama chumba kidogo cha wavu, na paa lake lina mwanya uliopangwa vijiti kama ngazi. Kunguru hushuka kupitia hapo akiwa amekunja mbawa. Akitaka kutoka hulazimika kuzikunjua, zikagonga vijiti. Lakini hawezi kushuka asipoona wenzake ndani wakila kwa raha. Ndiyo maana lazima wawepo ndege wawili wa chambo walio hai, wenye kivuli, nyama na maji safi.

Katika joto la Turkana, maji hayo hubadilishwa mara tatu kwa siku. Katika miaka hiyo mitatu Wasike hajaruka hata zamu moja. Alipougua malaria alienda akiwa ameegemea baiskeli. Watu walipomshauri atumie sumu amalize kazi kwa siku moja, aliwafukuza.

"Sumu haisomi shingo ya mtu," anasema. "Itaua huyu wa kijivu, itaua na tai, itaua na mbwa wa Aukot."

Shida ni moja. Kunguru wa Bara Hindi hasahau uso. Waliowahi kumwona Wasike akiingia kibandani na kutoka na wenzao wakawa wanamkimbia na kuwaonya wengine. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na Abiria alikuwa bingwa wa woga huo. Kwa miaka mitatu hakukaribia mtego hata mara moja. Mwishowe, yeye na jike wake wakahamia Kakuma. Aukot anaapa kwamba aliwaona wakishuka kutoka juu ya lori la vitunguu, na kwa historia ya ndege huyu mimi sina sababu ya kumpinga.

Ndipo dera likaingia kazini. Kwanza lilifanikiwa, na kwa dera hilo jike akanaswa. Lakini Abiria alikaa mnarani siku nzima akitazama jinsi yule "mama" anavyotembea, akiburuta mguu wa kushoto. Tangu siku hiyo, dera ni la kuchekesha watu tu.

Jike huyo sasa ni mmoja wa ndege wawili wa chambo kibandani; mwingine alitoka Lodwar. Abiria huja alfajiri, anazunguka mbali, anaita, anaitikiwa. Hashuki.

Siku ya pili ya ziara yangu, saa tatu asubuhi, tulisikia kelele kutoka mgungani. Wasike alikimbia jinsi mguu ulivyomruhusu, akirusha kofia na kupiga mayowe. Alipofika, viota viwili vilikuwa vimepasuliwa. Chini kulikuwa na kinda moja lisilo na manyoya, bado lina joto. Alilichukua kiganjani, na kwera wazazi wakawa wanapiga kelele juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ndiye mwizi.

"Wako sawa," alisema kwa sauti ya chini. "Mniseme tu."

Alirudi kibandani kwa Achai, akakaa, akaagiza chapati ambayo hakuila. Achai alikuwa akimtazama tangu asubuhi. Ni mwanamke wa maneno machache, na alipoyasema hayo machache alikuwa bado anageuza chapati.

"Mzee, mimi naangalia wewe miezi mbili. Naangalia na hii ndege," alisema. "Wewe nakwenda kwa nyumba ya waya, yeye nalia, nakimbia. Wewe nakaa hapa, nakula chapati, yeye nakuja pale kwa mti ya karibu. Kila siku. Nyama ya Aukot hapana taka. Nataka kula na wewe."

Wasike aliinua uso.

"Wewe najificha sana," Achai aliendelea. "Wacha kujificha. Kalas, basi."

Wasike alimeza chai iliyokwisha kupoa. Kisha aliuliza kama Achai anaweza kumpikia chapati nne za kesho, na kama anamjua mtu mwenye turubai kuukuu.

Siku ya tatu dera lilibaki kwenye msumari. Wasike alivaa suruali ya kazi na kofia yake ya utingo, ya kitambaa kilichopauka hadi kukosa rangi. Saa kumi na mbili na nusu alifungua mlango mdogo wa kibanda cha waya, akaingia, akaufunga nyuma yake. Alitandika turubai sakafuni, akaketi juu yake na kunyoosha mguu mbovu. Wale ndege wawili wa chambo walijibana kwenye pembe.

Mimi, Achai na Aukot tulikaa mbali, nyuma ya rundo la ngozi. Wanawake wa matumbo walinyamaza bila kuombwa. Mzee yule alikuwa amekaa ndani ya mtego wake mwenyewe, na sikumwona hata mmoja aliyetaka kucheka.

Alimegua chapati. Akapiga mluzi, sauti mbili fupi.

Kwa nusu saa hakukuwa na kitu. Jua lilipanda. Alimegua tena, akala kipande, akaweka kipande gotini, akapiga mluzi. Alifanya hivyo bila haraka, kama mtu aliye safarini ambaye barabara yake bado ni ndefu.

Abiria alitua mnarani. Kisha kwenye mgunga, ambako kwera walimpigia kelele na hakuwajali. Kisha kwenye paa la kibanda. Tulimwona akitembea juu ya vijiti, akichungulia, akirudi nyuma. Mguu wake wa kulia ulikuwa na kidole pungufu.

"Twende," Wasike alimwambia kwa sauti ya kawaida. "Bado tuko mbali."

Ndege alikunja mbawa akashuka.

Alitua kwanza kwenye turubai, kisha gotini. Alichukua kipande cha chapati. Wasike alimwacha ale chote, na alipomaliza akamkatia kingine. Baada ya hapo ndipo alipoweka mkono juu ya mgongo wake, polepole, na ndege hakuhangaika.

Kazi iliyobaki huwa ni ya dakika moja, na mtu aliyeizoea huifanya ndege asipate maumivu. Aukot alikuwa ameahidi kuifanya badala yake, naye alishasimama kwenda. Wasike alimzuia kwa kutikisa kichwa. Alitugeuzia mgongo, mabega yake yakapanda na kushuka mara moja, basi. Alikaa vilevile hadi Achai alipoenda kumfungulia mlango na kumpa mkono wa kusimamia.

Alikuwa analia, na hakujitia kuficha. Nami pia, kama msomaji anataka kujua.

"Alinikumbuka vizuri," alisema. "Miaka nane yote alinikumbuka vizuri."

Ndege wale wawili wa chambo hawakuhitajika tena Kakuma. Sitaeleza zaidi. Alasiri hiyo Wasike alibomoa kibanda, akafunga wavu kwa kamba na kumwomba Aukot amhifadhie mbao.

Nilimpigia Aukot simu siku tisa baadaye. "Ejok," aliitikia kwa salamu ya Kiturkana, kisha bila kungoja swali: "Zimeruka! Mti yote iko na kelele. Watoto zinaanguka anguka kwa banda yangu, hazijui kuruka vizuri. Mwambie huyo mzee akuje aone."

Mzee alikuwa amekwisha kuambiwa. Nilimkuta Lodwar, langoni mwa yadi yake, amevaa sare ya ubawabu iliyopigwa pasi. Dera limerudi kwa Sally salama, isipokuwa tundu moja dogo karibu na pindo ambalo mume na mke bado wanalijadili.

Ana mpango, na ameuandika nyuma ya kalenda. Mwezi Agosti ataomba lifti ya lori hadi Mariakani, akae huko wiki mbili na watingo kabla hawajaanza safari. Hataki semina wala fulana zenye maandishi. Anataka kukaa nao juu ya magunia na kuwaeleza yaliyompata.

"Mtaalamu akiwaambia kunguru ni mbaya, watasema ndiyo mzee, halafu wataendelea kuwatupia ugali," anasema. "Mimi nitawaambia ninajua mkiwa juu huko mnasikia upweke. Najua. Nunueni redio."

Tukiwa bado tunazungumza, lori la Lokichoggio linaingia kupumzika. Wasike anaacha sentensi katikati. Anaenda akiburuta mguu, anazunguka shehena, anainua pembe ya turubai kwa fimbo na kuchungulia kwenye mkunjo. Anafanya hivyo pande zote nne. Hakuna mtu aliyemwagiza, na kazi hiyo haimo katika mshahara wake.

Juu ya magunia, utingo mmoja kijana anamwangalia kwa mshangao. "Mzee, unatafuta nini huko?"

"Abiria."

Kijana anacheka. "Sisi hatubebagi abiria, mzee!"

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo," Wasike anamjibu, na anahamia kwenye lori linalofuata.